Mauti Kazini na Wajibu wa Mwajiri



Wakati wa mavuno, mashine za kupukuchua mahindi huzunguka mchana kutwa, na mhimili usiofunikwa hunasa nguo ya mtu kabla hajapiga kelele. Akifa, hutokea mwajiri akanunua jeneza, akampa mjane fedha kidogo, akasema, “Yamekwisha.” La, hayajaisha.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yahusu kila mahali pa kazi, shamba na kiwanda sawasawa. Mtu akifa kazini, mwajiri sharti ampashe habari afisa wa usalama kazini wa eneo kabla ya saa 24 kupita, kisha apeleke taarifa iliyoandikwa katika siku 7. Ikithibitika kuwa kifo kilitokana na mwajiri kuivunja sheria hiyo, aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 1,000,000, au kufungwa muda usiozidi miezi 12.

Fidia ni haki nyingine, yenye sheria yake. Fidia humlisha yatima. Haimwondolei mwajiri hatia. Basi mjane asitie sahihi karatasi yoyote kabla ya kumwona afisa huyo. Nawe mwenye mashine, funika mhimili wako leo.