Ruta Ina Milango Miwili

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru)



Kile kijisanduku chenye taa zinazomemeteka mnakijua. Siku hizi kiko katika ploti nyingi, toka Ruiru mpaka Thika mjini, na kuna vikundi vinavyokitumia katika kazi ya hesabu za mikopo. Mafundi hukiita ruta. Sasa, sanduku la akiba la kikundi huwa na kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu. Je, ruta tunaifunga vipi?

Ruta ina maneno ya siri mawili. La kwanza ni lile la waifai, ambalo wote tunalijua, hata watoto wa jirani! La pili ni la kuingia ndani ya ruta yenyewe na kubadilisha mipango yake. Hili ndilo tunalosahau. Mara nyingi limebaki vile lilivyotoka kiwandani, pengine "admin" tu. Mwaka wa 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai ilijaribu maneno kama 60 ya kiwandani, ikateka mamia ya maelfu ya kamera na ruta duniani. Haikuvunja kufuli, ilikuta mlango wazi.

Mwizi akishaingia humo atafanya nini? Ruta ndiyo inayoonyesha simu yako njia. Ni kama mtu ageuze vibao barabara ya Thika, aliyekuwa akienda Juja ajikute kwingine. Unaandika jina la benki, unafunguliwa ukurasa unaofanana na wa benki, unaulizwa namba ya siri. Simu ikikuonya kwamba ukurasa si salama, toka hapo hapo. (M-Pesa ya menyu ya laini haipiti kwenye waifai. Kwa hiyo msiwe na wasiwasi na ruta.)

Basi, igeuze ruta usome karatasi iliyobandikwa chini. Kuna namba, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Iandike kwenye simu iliyounganishwa na waifai hiyo, pale pa kuandikia anwani za intaneti. Badilisha lile neno la pili, liwe refu. Zima WPS, tangu 2011 inajulikana kwamba namba yake ya tarakimu nane yaweza kukisiwa kwa saa chache. Chagua WPA2 au WPA3, si WEP. Mkichanga pesa na majirani, nami sioni ubaya, wapeni waifai ya wageni. Ikiwa kampuni imefunga mipango hiyo, fundi asishuke ngazi kabla hajaifanya mbele yenu, na mwulizeni kama programu ya ruta hiyo bado inapata marekebisho.

Tena kuna kile kitundu kidogo cha nyuma. Mtu akikidunga kwa sindano sekunde kama kumi, yote yanarudi kama yalivyotoka kiwandani, neno lako refu limekwisha. Kwa hivyo ruta isikae dirishani ukumbini, kila mgeni anapopita. Itundikwe juu ukutani. Maneno yote mawili ya siri yaandikwe kwenye karatasi, nayo karatasi iingie katika sanduku la kufuli tatu.