Dawa Njema, Udongo Mbaya

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Sikusimama kuwatukana waganga, wala kuidharau miti iliyoniponya mimi mwenyewe utotoni. Neno langu ni juu ya mahali tunapoichuma siku hizi.

Wazee waliifuata dawa porini. Sisi wa mjini twachuma mwarobaini njiani, mbele ya mafundi wa betri za magari, au kando ya jaa. Nami nilifanya hivyo mwaka jana mwanangu alipougua homa, hata jirani yangu, mama mtu mzima, akaniuliza, "Bwana Karani, mti huo wanywa maji gani?" Nikakosa jibu.

Mizizi hunyonya risasi iliyomo udongoni, na vumbi lake hutua juu ya majani. Vumbi laweza kuoshwa; bali kilichoingia ndani ya mti hakioshwi, wala moto haukiui, kwa kuwa risasi ni madini. Chemsha kutwa nzima: maji yatapungua, risasi itabaki. Petroli yenye risasi ilikwisha kukomeshwa nchini kufikia mwaka 2006, lakini ile iliyoanguka kando ya barabara haikuondoka nayo.

Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa habari ya watoto 328 waliopimwa karibu na jaa la Dandora, Nairobi. Nusu yao walikuwa na mikrogramu 10 za risasi au zaidi katika kila desilita ya damu. Sisemi kwamba walikunywa dawa. Nasema mahali kama hapo si pa kuchimbia dawa. Wala tusikimbilie chupa za dukani bila kuuliza. Huko Boston, Marekani, mwaka 2004 madaktari walipima dawa 70 za asili ya Kihindi zilizouzwa madukani, na 14 zikaonekana zina risasi, zebaki au aseniki.

Mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaiweka mifupani miaka mingi. Mama akichukua mimba, hutoka humo ikamfikia mtoto. Mtoto hupungukiwa damu, akili yake hukawia, tena huadhibiwa shuleni kwa uvivu asio nao.

Kwa hiyo naiomba Kamati itenge robo eka ya shamba la Chama kule nyumbani, mbali na barabara, ipandwe miti ya dawa, na wazee watuchagulie mbegu. Miche 20 ya mwarobaini ninayo tayari.