Jino Linaloweza Kuzibwa

Katika miji midogo iliyo kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, Wamagana katika Tetu, kaunti ya Nyeri, ikiwa mmojawapo, mgonjwa wa jino kwa kawaida humfikia mhudumu wa afya baada ya maumivu kumnyima usingizi kwa siku kadhaa, na kwa kuwa jino lililofika hatua hiyo ni shida kuliokoa bila vifaa vya hospitali kubwa, tiba anayoipata huwa ni kung'olewa. Baba aking'olewa, kisha mama, kisha mtoto, familia nzima huzoea kuamini kwamba jino lililotoboka limekwisha kufa na kwamba kazi ya daktari wa meno ni koleo. Imani hiyo ina gharama, nayo inastahili kupingwa, maana njia ya kuziba jino pasipo umeme, pasipo mashine ya kutoboa na pasipo kiti maalumu ilibuniwa nchini Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ilhali hadi leo haijawa huduma ya kawaida katika vituo vya afya vya vijijini, ambavyo ndivyo vilivyoihitaji zaidi.

Thamani ya njia hiyo haieleweki bila kujua namna jino linavyooza. Jino limefunikwa na enameli, tabaka la madini lililo gumu kuliko mfupa wowote mwilini. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na ina vijitundu vyembamba mno vinavyopitisha hisia, na ndani kabisa kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Juu ya enameli hujengeka ukoga, yaani utando unaonata wenye bakteria na mabaki ya chakula, na kila sukari inapoingia kinywani bakteria hao huigeuza kuwa asidi. Kipimo cha uchachu, kiitwacho pH, kikishuka chini ya takribani 5.5, madini ya enameli huanza kuyeyuka. Mate huirudisha hali ya kawaida na kurejesha sehemu ya madini yaliyopotea, lakini kazi hiyo huchukua kati ya nusu saa na saa nzima, kwa hiyo mtu anayekunywa chai yenye sukari alfajiri, akairudia saa nne pamoja na mandazi, akanywa soda adhuhuri na chai tena saa kumi, huwa amelitumbukiza jino lake katika asidi sehemu kubwa ya mchana, hata kama sukari aliyoitumia kwa jumla haizidi ya jirani yake aliyeila yote katika mlo mmoja.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mwili hupata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, kiasi ambacho kwa mtu mzima ni kama gramu 25, au vijiko sita vya chai. Vikombe viwili vilivyotiwa vijiko vitatu vitatu hukimaliza kiasi hicho kabla ya saa sita mchana. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya na matokeo yake kutolewa mwaka 2015 ulikuta meno yaliyooza kwa asilimia 34.3 ya watu wazima na asilimia 23.9 ya watoto, na takwimu hizo, ambazo si za kutisha zikilinganishwa na za nchi nyingi tajiri, zina uzito wa pekee kwa sababu sehemu kubwa ya meno hayo hayakuwa yametibiwa.

Chai yenyewe haina hatia. Mchai, ambao wakulima wa Tetu huuchuma na kupeleka majani yake katika kiwanda cha Gathuthi, ni mmea unaonyonya floridi kutoka katika udongo wenye asidi na kuilimbikiza katika majani, na floridi ndiyo madini yanayoisaidia enameli kujijenga upya na kuustahimili uchachu. Sifa hiyo iligunduliwa kwa njia ya kuzunguka: mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alianza kuchunguza madoa ya kahawia kwenye meno ya wakazi wa Colorado Springs nchini Marekani, mwaka 1931 ikathibitika kwamba madoa hayo yalisababishwa na floridi nyingi katika maji ya kunywa, kisha ikaonekana kwamba watu walewale wenye madoa walikuwa na matundu machache, na mnamo Januari 1945 mji wa Grand Rapids ukawa wa kwanza duniani kutia floridi kidogo katika maji yake kwa makusudi ya kulinda meno.

Wakenya wanaifahamu zaidi sura ya kwanza ya kisa hicho. Utafiti uliotajwa ulikuta alama za floridi iliyozidi kwenye meno ya asilimia 41.4 ya watoto, na Bonde la Ufa pamoja na maeneo mengine yenye miamba ya volkeno yanajulikana kwa visima virefu ambavyo maji yake hupita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Kutokana na meno ya kahawia, ambayo vijana wengi wamedhihakiwa kwayo shuleni, baadhi ya wazazi wameshuku kila kitu chenye floridi na kutafuta dawa ya meno isiyokuwa nayo. Tahadhari hiyo ina mantiki kwa mtoto anayekunywa maji ya kisima kirefu kisichopimwa, lakini haimfai yule anayekunywa maji ya mito inayoshuka kutoka Nyandarua, ambayo kwa kawaida huwa na floridi kidogo. Njia ya haki ni kupima maji ya kila kisima kipya kabla ya kufunguliwa kwa matumizi ya nyumbani na kuwaeleza wananchi matokeo yake, kwa sababu swali la dawa gani ya meno inunuliwe haliwezi kujibiwa kwa hofu.

Pale maji yanapokuwa salama, kinga yenye ushahidi mwingi kuliko zote ni kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi ya kiasi cha sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa kila sehemu milioni, kipimo ambacho huandikwa kwa herufi ndogo kwenye mrija na ambacho wanunuzi wachache hukisoma. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutosheka na dawa ya ukubwa wa punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita huhitaji ya ukubwa wa punje ya njegere. Mtu mzima naye hufaidika akitema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floridi ibaki kwenye meno. Jambo linalosahaulika ni kwamba gego la kwanza la utu uzima huota katika umri wa karibu miaka sita, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha, na wazazi wengi huliacha lioze wakidhani kuwa litabadilishwa. Gego hilo halibadilishwi.

Shimo likishakuwapo, mswaki hauwezi kulifunga, na hapo ndipo kisa cha Tanzania kinapoingia. Jo Frencken, daktari wa meno kutoka Uholanzi aliyekuwa akifanya kazi katika shule ya udaktari wa meno jijini Dar es Salaam, aliona pamoja na wenzake kwamba mashine za kutoboa meno zilihitaji umeme, maji na fundi, mambo ambayo vijiji vingi havikuwa nayo, na kwamba bila mashine hizo mgonjwa alibakiwa na koleo pekee. Walichokifanya ni kuuliza kama sehemu iliyooza inaweza kuondolewa kwa mkono. Jino lililooza hulainika, na kijiko kidogo cha chuma chenye makali huweza kuikwangua dentini laini hadi kufikia ile iliyo ngumu, baada ya mdomo wa shimo kupanuliwa kidogo kwa patasi ndogo ya mkono. Kisha shimo hujazwa saruji ya meno inayochanganywa kwa unga na majimaji, ambayo hushikamana na jino yenyewe, hukauka bila taa ya pekee na hutoa floridi kidogo kidogo kando ya kijazo. Mara nyingi hakuna haja ya sindano ya ganzi, kwa sababu sehemu inayokwanguliwa imekwisha kupoteza hisia, na jambo hilo peke yake huondoa nusu ya hofu ya mtoto. Baada ya majaribio zaidi nchini Thailand na Zimbabwe, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, ambayo mwaka huo ilihusu afya ya kinywa.

Uaminifu unadai mipaka ya njia hiyo itajwe. Vijazo vilivyowekwa katika shimo la upande mmoja, hasa juu ya gego, hudumu vizuri, na mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali yameonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya vijazo hivyo katika meno ya utotoni huwa bado vimekaa baada ya miaka miwili. Shimo lililopita ubavuni, baina ya jino na jino, ni habari nyingine: utafiti wa Arthur Kemoli wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, uliofanywa kwa watoto nchini Kenya, ulikuta vijazo vingi vya aina hiyo havikudumu muda huo. Kwa hiyo mtoto anafaa kuzibwa mapema, shimo likiwa dogo, jambo linalorudisha mzigo kwenye ukaguzi wa meno shuleni.

Uozo ukifika katika kiini, saruji haitoshi. Karafuu ya Pemba na Unguja, ambayo watu wengi huiweka katika jino linalouma, hutuliza kwa mafuta yake yaitwayo eujenoli, na madaktari wenyewe huyachanganya na unga wa oksidi ya zinki kupata kijazo cha muda. Lakini utulivu huo hauwazuii bakteria, na jino hilo linahitaji kusafishwa mizizi na kuzibwa ndani, au kung'olewa. Likiondoka bila kitu kuwekwa mahali pake, meno ya jirani huinama kuelekea pengo, lile lililo mkabala katika taya nyingine hurefuka kutafuta mwenzake, na mfupa wa taya hupungua. Meno bandia ya plastiki yanayovuliwa ndiyo nafuu zaidi. Daraja hushikwa na meno ya pembeni, ambayo hulazimika kuchongwa yakiwa mazima. Na kipandikizi, yaani parafujo ya titani inayooteshwa katika mfupa kwa ufundi ambao Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aliutumia kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1965, bado kiko mbali na mfuko wa mkulima wa Tetu. Kila moja ya tiba hizo ni ghali kuliko kijazo kilichokosekana miaka kumi kabla.

Tangu mwaka 2013 vituo vya afya viko chini ya serikali za kaunti, na Nyeri ilikuwa miongoni mwa kaunti nne zilizoteuliwa mwaka 2018 kujaribu mpango wa afya kwa wote, kwa kuzingatia wingi wa magonjwa yasiyoambukiza kama kisukari, ambacho kinahusiana moja kwa moja na ugonjwa wa fizi. Saruji hiyo ya meno na dawa ya meno yenye floridi ziliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, na maofisa wa afya ya kinywa ya jamii, ambao wanaweza kufunzwa kutumia patasi na kijiko, huhitimu katika Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya. Kamati ya afya ya bunge la kaunti, inapopitia bajeti, inaombwa iulize ni vituo vingapi vya Tetu vyenye saruji hiyo na ofisa wa kuitumia. Na mzazi ambaye mtoto wake amefikisha miaka sita anaombwa ayakague magego ya nyuma kwa mwanga wa mchana, na akiona doa jeusi au shimo, ampeleke kabla halijaanza kuuma.