Bomba Si Mwisho wa Safari: Maji Safi na Maisha ya Watoto Wetu wa Handeni na Korogwe

Matini ya mazungumzo na wazazi, walezi na watumiaji wa huduma ya maji



Tunatambua kwamba wapo miongoni mwenu walioamka alfajiri kuwahi foleni ya maji ili wapate nafasi ya kuketi nasi saa hii. Nasi hatutaipoteza saa hiyo. Tumekuja na neno moja: maji safi yanapofika kijijini, kazi ya kumlinda mtoto inakuwa bado haijakamilika. Safari ya maji huanzia mtoni na kuishia katika kikombe cha mtoto. Bomba limo katikati ya safari hiyo, na sehemu iliyobaki imo mikononi mwetu sisi watumiaji.

Saa za mtoto

Tunapotaja faida za maji safi, wengi wetu hukumbuka kwanza maradhi. Tunaomba leo tuanze na muda.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha huduma ya msingi vijijini: lita 25 kwa kila mtu kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu wasiozidi 250. Tukitumia kipimo hicho, kaya ya watu sita inahitaji lita 150 kwa siku, yaani ndoo saba na nusu za lita 20. Ndoo moja iliyojaa ina uzito wa kilo 20. Sasa tuchukue kaya ambayo lambo lake liko umbali wa kilomita mbili. Kila ndoo ni mwendo wa kilomita nne, kwenda na kurudi. Ndoo saba ni kilomita 28. Hakuna mama anayeweza kutembea hivyo kila siku, akalima, akapika na kulea. Kwa hiyo mambo mawili hutokea: watoto huitwa kusaidia, hasa wasichana, na kaya hupunguza maji inayotumia.

Mtoto anayeitwa kusaidia hufika shuleni akiwa amechelewa na amechoka, au hafiki kabisa. Tangu mwaka 2016 shule zetu za msingi na sekondari za serikali, hadi kidato cha nne, hazitozi ada, na hilo limefungua milango kwa wengi. Lakini mlango ulio wazi haumsaidii mtoto aliye njiani na dumu kichwani. Msichana aliyevunja ungo ana sababu ya ziada ya kukosa masomo, iwapo shule haina maji ya kujisitiri na kujisafisha siku zake za hedhi. Kwa hiyo kituo cha maji kinaposogea karibu, tunampa mtoto saa zake: saa za darasani, za kusoma jioni, za kucheza na za kulala.

Maji machache nayo huleta maradhi

Jambo la pili, kaya kupunguza maji, halionekani upesi, lakini madhara yake ni makubwa. Katika miaka ya 1960, wataalamu Gilbert White, David Bradley na Anne White walichunguza jinsi kaya za Kenya, Uganda na Tanzania zilivyopata na kutumia maji, wakachapisha matokeo yao mwaka 1972. Katika kazi hiyo Bradley alitenganisha maradhi yatokanayo na kunywa maji machafu na yale yatokanayo na kukosa maji ya kutosha ya kunawa, kuoga na kufua. Mgawanyo huo hutumika hadi leo.

Kipindupindu na homa ya matumbo humpata mtu kwa kinywa. Upele na vikope huenea pale watoto wasipooga wala kunawa uso kila siku. Kuhara hupita njia zote mbili: mtoto anaweza kuharishwa na maji aliyokunywa, na anaweza vilevile kuharishwa na mikono ya mlezi ambayo haikunawiwa kwa sababu maji ya ndoo yalitunzwa kwa ajili ya kupikia. Kichocho nacho humpata mtoto anapoingia katika lambo au kijito chenye konokono wanaobeba vimelea, hata kama hakunywa tone.

Kuhara ni miongoni mwa maradhi yanayoua watoto wengi wa chini ya miaka mitano duniani. Na mtoto anayeharishwa mara kwa mara, hata akipona kila mara, hupoteza virutubisho vya chakula alichopewa, akadumaa. Mzazi anaweza kuwa amejitahidi kupata uji wenye lishe na maziwa, kumbe juhudi yake inavuja kwa sababu ya maji.

Bomba la zamani linatufunza nini

Wazee waliopo hapa wanaukumbuka mradi wa HTM, uliojengwa miaka ya 1970 kuyatoa maji katika Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyafikisha Handeni. Ulijengwa katika kipindi ambacho taifa letu lilikuwa limeanza, mwaka 1971, mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji kwa umbali usiozidi mita 400 ifikapo mwaka 1991. Nia ilikuwa njema na kazi iliyofanyika ilikuwa kubwa. Mtakumbuka pia yaliyofuata: mabomba yalichakaa, mitambo ikazeeka, watu wakaongezeka, na vijiji vilivyopitiwa na bomba vikarudi kwenye malambo.

Maji ya kwenda Handeni hupanda. Korogwe iko chini, kando ya mto, na Handeni iko juu; kila ndoo inayofika huko imesukumwa kwa pampu na kulipiwa umeme. Kwa miaka mingi baada ya uhuru mwananchi wa kijijini hakuchangia gharama za kuyaendesha maji, na fedha za matengenezo zilipopungua, bomba halikuwa na wa kulitetea. Aliyelipa deni hilo alikuwa mtoto, kwa miguu yake.

Tarehe 6 Juni 2022, huko Chamwino, Dodoma, ilitiwa saini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, unaogharimiwa kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India. Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo katika orodha hiyo. Tunaufurahia mradi huo. Hata hivyo, bomba jipya litachakaa kama la zamani iwapo watumiaji wake hawatalipa kwa haki, hawatatoa taarifa ya uvujaji, wala hawatauliza fedha zao zinakwenda wapi.

Kutoka bombani hadi kikombeni

Sasa tuje nyumbani. Maji yanaweza kutoka bombani yakiwa safi na yakachafuka kabla ya kunywewa. Tunawaomba mzingatie haya.

Kwanza, chombo. Tumieni dumu au ndoo yenye mfuniko, na chombo cha kubebea kioshwe kwa sabuni mara kwa mara. Dumu lililowahi kubeba viuatilifu vya shambani au mafuta ya mitambo lisitumike kwa maji kamwe, hata likioshwa mara kumi.

Pili, maji yanaporudi baada ya mgao. Bomba likikaa tupu, uchafu wa ardhini unaweza kuingia kupitia matundu na viungio. Maji ya kwanza yanayotoka yatumike kudekia au kumwagilia bustani. Subirini yatakate ndipo mkinge, na ya kunywa yatibiwe.

Tatu, kuyatibu maji ya kunywa. Maji yenye tope yaachwe yatuame, kisha yachujwe kwa kitambaa safi. Baada ya hapo yachemsheni hadi yatokote kwa nguvu kwa muda usiopungua dakika moja, yapoe yakiwa yamefunikwa. Asiye na kuni au mkaa wa kutosha anaweza kutumia dawa ya klorini inayouzwa madukani. Asome maelezo ya pakiti, atie kipimo kilichoandikwa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa, na asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Dawa ikitiwa katika maji ya tope nguvu yake hupungua. Ndiyo maana tunasema yachujwe kwanza. Kabla ya kununua, tazameni tarehe ya mwisho wa matumizi.

Nne, kuchota. Kikombe chenye mpini mrefu, kisichonywewa, kiwekwe kwa kazi ya kuchotea tu. Chombo chenye bomba dogo chini ni bora zaidi, kwa kuwa mkono hauingii ndani.

Tano, mikono. Kibuyu chirizi hutengenezwa kwa dumu dogo, kamba na kipande cha mti, na hutumia maji kidogo sana. Kiwekeni karibu na choo pamoja na sabuni. Mikono inawe baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kumlisha mtoto.

Sita, mtoto mchanga. Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji, hata wakati wa jua kali. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Kikombe cha maji anachopewa kwa huruma ndicho huweza kumletea kuhara.

Na mtoto akiharisha, aendelee kunyonya na kula. Apewe maji ya chumvichumvi, pakiti moja katika lita moja ya maji safi na salama, na apelekwe zahanati apatiwe pia vidonge vya zinki. Macho yakididimia, akiwa mlegevu, akishindwa kunywa au kinyesi kikiwa na damu, msingoje kukuche.

Bei ya ndoo na haki ya mtumiaji

Ndugu zetu, maji tunayanunua, na mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Tuchukue mfano: mtu akinunua ndoo kwa shilingi 50, uniti moja imemgharimu shilingi 2,500. Akinunua ndoo hiyo hiyo kwa mchuuzi wa mkokoteni au pikipiki kwa shilingi 500, uniti imemgharimu shilingi 25,000. Fanyeni hesabu hiyo kwa bei za mtaani kwenu, kisha mlinganishe na bei iliyoidhinishwa. Na mchuuzi aulizwe bila kuonewa haya: maji umeyachota wapi, na chombo chako kilibeba nini jana?

Hesabu nyingine ni ya mvua. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya paa la mita moja ya mraba hutoa lita moja. Paa la bati la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 1,000, na hata tukitoa yanayopotea bado zinabaki ndoo kama 40. Masika na vuli zisipite bila mfereji wa kukinga maji, nyumbani na shuleni. Maji ya mwanzo yanayoosha paa yaachwe yapite, na ya kunywa yatibiwe kama tulivyoeleza.

Mnaohudumiwa na mamlaka ya maji mjini, someni mita zenu wenyewe na mlinganishe na ankara. Mkiwa na lalamiko, lipelekeni kwanza kwa mamlaka, kwa maandishi, na mtunze nakala. Msiporidhika, mnaweza kulifikisha EWURA, na Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, lipo kuwasaidia. Mnapoitwa katika mkutano wa taftishi kujadili bei mpya, nendeni mkaseme. Bei hupangwa vizuri zaidi sauti ya mlaji inaposikika.

Mlioko vijijini, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 huduma yenu husimamiwa na RUWASA pamoja na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Ulizeni kila mara: tumekusanya kiasi gani, tumetumia kiasi gani, na akiba ya kununua pampu ikiharibika iko wapi? Daini risiti. Chombo kinachotoa hesabu hadharani hulipwa kwa hiari.

Kwa kuhitimisha

Tukirudi nyumbani leo, kila mmoja achague jambo moja la kuanza nalo kesho: mfuniko wa ndoo, kibuyu chirizi, mfereji wa paa, au swali moja katika mkutano wa kijiji. Na tukiona bomba linavuja njiani, tusipite tukidhani mwingine ametoa taarifa. Maji yanayopotea pale ndiyo ambayo jioni mtoto wa mtu atatumwa kuyafuata lamboni.

Sasa tunakaribisha maswali yenu.