Kijana Mhandisi na Wajibu wa Mwajiri



Nimeombwa nizungumze juu ya vijana wetu waliosomea uhandisi, ambao wanataka kazi yao iyahifadhi mazingira badala ya kuyaharibu. Wazazi wengi hudhani kwamba jambo hili lamhusu kijana peke yake: akiisha kupata shahada na ajira, yaliyobaki ni juhudi yake. Mimi nasema kwamba lamhusu vilevile yule anayemwajiri. Mche bora ukipandwa juu ya mwamba haustawi.

Tutazame mfano wa Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, nchini Kenya. Huko umeme huzalishwa kwa jotoardhi. Visima huchimbwa hadi kina cha kilometa moja, mbili, hata tatu, na mvuke unaopanda huizungusha mitambo. Mtambo wa kwanza, wenye megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981. Leo jotoardhi huipatia Kenya zaidi ya theluthi moja ya umeme wake, bila kuchoma mafuta na bila kungoja mvua zijaze mabwawa.

Mafanikio hayo hayakuletwa na mitambo peke yake. Tangu mwaka 1979 yamekuwapo mafunzo ya miezi sita nchini Iceland, kwanza chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na tangu mwaka 2020 chini ya UNESCO. Wakenya wengi wamepitia huko. Fikirini maana yake: mwajiri hukubali kukaa nusu mwaka bila mtumishi wake, kisha humpokea tena na kumpa kazi inayolingana na ujuzi alioupata. Kama angerudi na kuwekwa kwenye meza ya kupokea barua, safari yote ingekuwa bure.

Lipo somo jingine chini ya ardhi ileile. Mvuke ukichotwa mfululizo bila kurudisha chochote, msukumo hupungua na kisima hufifia. Kwa sababu hiyo maji yanayobaki hurudishwa chini kwa visima vilivyotengwa kwa kazi hiyo. Basi, ni ajabu kwamba wapo waajiri wanaolijua hilo kuhusu kisima, lakini hawalijui kuhusu mtu. Humchota kijana kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, kwa saa za ziada zisizolipwa, bila kumrudishia mafunzo wala mapumziko. Baada ya miaka michache naye hufifia, au huhama.

Mahali pa kazi panapomlea kijana hutambulika kwa mambo matatu.

Kwanza, pana mkubwa anayemfundisha. Katika Kenya na Tanzania, mhitimu haandikishwi kuwa mhandisi kamili kabla ya kufanya kazi miaka kadhaa chini ya usimamizi. Kwa hiyo mwajiri anayemnyima msimamizi humfungia mlango wa taaluma yake.

Pili, kijana hupewa wajibu wa kweli, ulio mdogo mwanzoni, na makosa yake husahihishwa bila kumwaibisha mbele ya wenzake.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ana uhuru wa kusema ukweli. Saini ya mhandisi ni ushahidi. Husema kwamba maji haya hayana sumu, kwamba ukuta huu utasimama. Kijana akilazimishwa kutia saini vipimo ambavyo hakuvipima, hatakayeumia ni bosi. Watakaoumia ni wanaoteka maji bondeni.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kazi inayohifadhi hewa huwa ya haki papo hapo. Mwaka 2014, kwa ajili ya upanuzi wa Olkaria, familia za Kimaasai za vijiji vinne zilihamishwa. Baadhi yao walipeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, juu ya barabara, hati za ardhi, na mashauriano ambayo hayakutumia Kimaa ipasavyo. Palihitajika upatanishi, na makubaliano yalifikiwa mwaka 2016. Laiti wazee wangesikilizwa mapema kwa lugha yao! Mhandisi anayepima joto la mvuke apime pia uzito wa neno la mzee ambaye malisho yake yatachimbwa.

Nanyi vijana, msingoje mahali pasipo kasoro. Jueni kwanza misingi ya fani yenu, maana nia njema haishikilii daraja. Andikeni vipimo vyenu kila siku na kuvitunza. Mkipewa nafasi ya kuuliza, ulizeni: maji machafu yanakwenda wapi, na nani anaishi huko? Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Swali lisiloulizwa kabla ya ujenzi huwa ghali baada yake.

Ninyi mlio wasimamizi wa shule, zahanati, karakana na makampuni, nawaachia maswali matatu myajadili katika jumuiya zenu. Je, kijana wa mwisho mliyemwajiri ana mtu wa kumfundisha? Mwaka huu mmemrudishia nini? Na siku atakapowaletea habari mbaya juu ya mradi wenu, atakuta mlango wazi, au barua ya kuachishwa kazi?