Shilingi Hamsini ya Mwanachama na Ukweli wa Kura

Mada kwa semina ya viongozi wa chama wa mashinani, wadi ya Bomeni, Taveta



1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie uchangishaji. Naanza na kilio tunachokijua sote: "Tumeibiwa kura!" Mwulize anayelia, "Fomu ya kituo chako iko wapi?" Mara nyingi hana. Hoja yangu ni moja: chama kisichogharimiwa na wanachama wake hakiwezi kujua kwa hakika kama kimeshinda au kimeshindwa.

2. Karatasi ndiyo huamua

Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais. Sababu mojawapo ni kwamba mshindi alitangazwa kabla ya fomu zote za 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, kupokewa. Mwaka 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni, kila mtu azijumlishe mwenyewe. Hata hivyo matokeo yalipingwa. Tarehe 5 Septemba, majaji wote saba waliyathibitisha. Fomu ambazo walalamishi walidai zimetoka kwa mawakala wa vituoni ndizo zilizotofautiana na za asili, na hakuna hata mmoja wa mawakala hao aliyekula kiapo kuzitetea.

Tujifunze hapo. Fomu bila wakala wa kuisimamia ni karatasi tu.

3. Nani humlipa wakala?

Mkono mtupu haulambwi. Wakala huamka alfajiri na kukesha hadi kura ya mwisho ihesabiwe. Akiwa halipwi, ataondoka jioni au atapokea bahasha ya mpinzani. Akilipwa na mgombea peke yake, atamletea mgombea habari anayotaka kusikia. Akilipwa na wanachama, atawajibika kwa wanachama, na habari mbaya wataipata kama ilivyo.

Kuna fedha za serikali pia: kwa sheria, Hazina ya Vyama vya Siasa inapaswa kupewa angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Fedha hizo huenda kwa chama kwa kutazama zaidi kura zake za uchaguzi uliopita, na hupokelewa makao makuu. Bomeni tusizingoje.

4. Hesabu yetu

Tuseme tunahitaji mawakala 30, kila mmoja Sh1,500 za nauli, chakula na posho. Jumla ni Sh45,000. Wanachama 300 wakitoa Sh50 kila mwezi, tunazipata kwa miezi mitatu. Ni fedha ambayo mama muuza ndizi sokoni Taveta anaweza kuitoa siku ya gulio.

Linganisha na gharama ya mahakamani: dhamana ya kesi ya kupinga ushindi wa mwakilishi wadi ni Sh100,000, na ya mbunge au gavana ni Sh500,000, mbali na wakili. Kumlipa wakala ni rahisi zaidi.

5. Mipaka ya sheria

Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inaruhusu ada za uanachama na michango ya hiari, lakini inamkataza asiye raia kuchangia. Hapa kwetu mpakani jambo hili ni zito. Mfanyabiashara anayevuka kutoka Holili, upande wa Tanzania, ni ndugu na mteja wetu, lakini shilingi yake isiingie katika mfuko wa chama.

6. Mapendekezo

Kwanza, michango ipitie nambari ya M-Pesa ya chama, si simu ya mtu. Pili, kila atoaye apewe risiti, na mhazini asome hesabu hadharani kila mwezi. Tatu, mawakala wafunzwe mapema: kukagua fomu, kuitia sahihi, kuandika malalamiko kabla ya kutoka kituoni na kupiga picha nakala iliyobandikwa mlangoni. Nne, usiku huohuo tujumlishe fomu zetu mbele ya wanachama na kutangaza tulichopata, hata tukiwa tumeshindwa.

7. Hitimisho

Wazee walisema, mgala muue na haki yake mpe. Fomu zikionyesha tumeibiwa, twende mahakamani nazo. Zikionyesha tumeshindwa, tumpongeze jirani na turudi shambani. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Naomba mchango wa kwanza utolewe leo, kabla hatujatoka katika ukumbi huu, na risiti iandikwe.