Chanda Chema Huvikwa Pete, na Mkataba Pia
Mada kwa wakazi wa Kata ya Kabungu kuhusu haki za wafanyakazi wa ofisi ndogo



Kila ifikapo Mei Mosi, taasisi nyingi nchini humtangaza mfanyakazi hodari wa mwaka. Hupewa cheti, bahasha na makofi. Desturi hiyo ni njema, na ofisi ndogo hazina budi kuiiga. Karani wa chama cha msingi anayetunza vitabu vya mizani bila dosari, mhudumu wa duka la dawa anayejua wagonjwa wake kwa majina, mpiga chapa wa steshenari anayemaliza kazi kwa wakati: wote hao ndio wanaoifanya huduma ya kata isimame. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete.

Hata hivyo, pete haiwezi kuchukua nafasi ya mkataba. Mara nyingi mfanyakazi anayesifiwa kuliko wote ndiye asiyekuwa na karatasi yoyote ya ajira, kwa kuwa yeye na mwajiri wake wanaaminiana kama ndugu. Uaminifu huo hudumu mpaka siku biashara inapoyumba au mwenye ofisi anapofariki. Hapo ndipo mfanyakazi hodari anapogundua kwamba miaka yake yote ya kazi haikuandikwa popote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, haikuweka kando ofisi ndogo. Mwenye mfanyakazi mmoja na mwenye wafanyakazi mia wanabanwa na sheria ileile. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yake, mahali pa kazi, saa, mshahara na tarehe ya kuanza. Shauri likifika mbele ya vyombo vya haki na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unakuwa juu yake. Kwa hiyo mkataba humlinda mwajiri pia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi ni mali.

Yapo mambo ambayo kila ofisi inapaswa kuyajua. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya ugonjwa ni hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, ambapo siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata ni kwa nusu mshahara. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja.

Hivi karibuni yamekuja mabadiliko mawili makubwa. La kwanza ni Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kazi, Namba 1 ya mwaka 2025. Chini ya marekebisho hayo, mama aliyejifungua mtoto njiti huongezewa likizo kwa muda uliobaki kufikia wiki 40 za ujauzito. Aliyejifungua katika wiki ya 32, kwa mfano, ana wiki 8 za nyongeza. Kwa mama anayembeba mtoto kifuani usiku na mchana ili apate joto, wiki hizo ni uhai wa mtoto.

La pili ni amri mpya ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi, iliyoanza tarehe 1 Januari 2026. Kwa wastani, kima hicho kimepanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi. Kila sekta ina kiwango chake. Ni wajibu wa mwajiri kuangalia cha sekta yake na kurekebisha malipo.

Ajira inapokoma, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28. Aliyetumikia mwaka mmoja au zaidi mfululizo, akaachishwa bila kosa lake, hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka kumi. Aliyefanya kazi miaka 6 ana siku 42. Anastahili pia cheti cha utumishi.

Jambo la mwisho ndilo linalowaumiza wengi. Anayedai kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufungua shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine yana siku 60. Wengi huanza kwa wazee wa ukoo, wakaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa mtendaji. Hao wote wanaweza kushauri na kupatanisha, lakini siku hazisimami kuwasubiri. Tume inaweza kumkubali aliyechelewa akitoa sababu ya msingi, ila kuomba kusamehewa si sawa na kuwahi. Mwenye dai na aende Mpanda mapema, akiwa na karatasi zake.

Ndugu wananchi, mwenye ofisi anayetaka kumheshimu mfanyakazi wake asisubiri Mei Mosi. Akae naye, waandike mkataba nakala mbili, kila mmoja asaini na kutunza yake. Cheti cha pongezi kikifuata baadaye, kitapendeza zaidi.